Farasi Anayesimama

Juzi nilipita Kartie Industrieli, mtaa wa viwanda, kuchukua mabati, na upepo ukaniletea harufu ya machicha ya bia. Kiwanda kinayamwaga nje yakiwa bado yanafuka mvuke, na wenye ng'ombe wanakuja kuyazoa kwa makoleo. Watu wengi wakiisikia harufu ile wanafunga vioo vya gari. Mimi niliegesha pembeni, nikazima gari, nikalia. Dereva wa lori nyuma yangu alipiga honi mpaka akachoka, akanipita huku ananitukana, nikamwacha atukane.

Ni harufu ya nguo za baba yangu. Sisi ni Waislamu wa Bujumbura wa tangu zamani, na chupa ya bia haijawahi kuvuka kizingiti chetu. Lakini kuna kipindi cha utoto wangu ambapo baba alikuwa akirudi nyumbani Kinanira ananuka kana kwamba ameshinda baa. Mama alimpokea mlangoni ameziba pua kwa ncha ya kitenge.

"Majirani watasema umeanza kunywa."

"Waambie iko ya farasi."

"Wee. Hiyo ndiyo watacheka zaidi."

Na kweli machicha yalikuwa ya farasi. Aliitwa Gasto, na alikuwa wa dada yangu Hadija.

Niseme kwanza habari za Hadija, maana bila hizo mtamwona baba kama mtu wa kujionyesha tu. Hadija alinizidi kama miaka mitano. Alikuwa mrefu, mpole, na sauti ya chini ambayo watu wazima walilazimika kuinama kuisikia. Nyumbani alilelewa kama yai. Mimi ndiye niliyewasha mbabula, mimi niliyepuliza makaa mpaka macho yakatoka machozi, mimi niliyegeuza ndagala kwenye mafuta. Hadija alikaa mbali kwenye mkeka akichambua mchele. Jumapili binamu zetu walipokwenda kuogelea ziwani, mi nilikwenda nao, yeye akabaki na mama. Baiskeli nilinunuliwa mimi, yeye akakatazwa kuigusa, na hata hilo nililiona ni upendeleo, kwa sababu yeye alikuwa anapelekwa kila mahali kwa gari.

Kilichoniuma zaidi kuliko vyote ni mlango. Kulikuwa na nyakati ambapo, bila dalili yoyote, mama aliliita jina la baba kwa sauti fulani ambayo hakuitumia kwa jambo jingine, na papo hapo Hadija aliingizwa chumbani na mlango ukafungwa. Mimi niliambiwa, "Kadogo, nenda kaangalie geti." Geti halikuwa na kitu cha kuangaliwa. Nilisimama pale nimegeukia dirisha lenye pazia, nikimsikia mama: "Pole mama, pole, tuko hapa. Iko sawa. Tuko hapa." Mimi hakuna aliyewahi kunibembeleza hivyo, hata nilipovunjika kidole. Baada ya muda Hadija alitoka, uso umeoshwa, macho mazito, na nguo nyingine mwilini. Kila mara nguo nyingine. Halafu alipewa chai ya maziwa yenye sukari nyingi, akainywa polepole bila kuzungumza na mtu.

Akili yangu ya kitoto ikamaliza kesi. Mle chumbani Hadija anapewa vitu. Anapewa nguo na maneno matamu, na mimi natolewa nje nisije nikadai za kwangu. Siku moja niliingia kwa siri nikapekua kabati, nikitafuta zilipofichwa hizo nguo mpya. Nilichokuta ni shuka lililolowa ndani ya beseni, nikaliacha pale, nikatoka na hasira zangu.

Baba alikuwa na gereji, na gereji hiyo ilikuwa ikitengeneza lori la klabu ya farasi, lile lililoleta majani na mchanga. Mchana mmoja alikwenda kulirudisha akamchukua Hadija, na walikuta mazoezi ya dresaji yanaendelea. Nitalieleza hili kwa sababu nilipokuwa mdogo nilidhani farasi wote ni wa mbio. Kwenye dresaji hakuna kukimbizana wala kuruka kitu. Farasi anatembea kwenye kiwanja cha mchanga, anakata miduara, anabadili mwendo, anasimama, na anayempanda anamwomba yote hayo kwa ishara ndogo za miguu na vidole ambazo wewe wa pembeni huzioni. Hadija alitazama mpaka mwisho. Usiku ule hakula, na asubuhi akasema anataka farasi.

Huyu ni mtoto ambaye hakuwa akiomba kitu, hata peremende. Baba na mama walibishana jikoni, nami nikiwa pale pale kwenye mbabula, maana wazazi wakishaanza kubishana mtoto anageuka sufuria.

"Juu ya farasi, Baba Hadija? We una akili kweli?"

"Kila kitu tumemukataza."

"Tumemukataza kwa sababu."

"Sababu naijua. Lakini mutoto ataishi lini?"

Mama alichukua mwiko akakoroga kitu ambacho hakikuhitaji kukorogwa. Mimi nilibaki na swali moja tu, kwamba yaani sasa na farasi pia apewe yeye.

Siku ya kuchagua tulikwenda wote isipokuwa mama. Kulikuwa na farasi watatu wanaotafuta mtu wa kuwachukua, wote wa wazungu waliomaliza kazi zao Burundi na wanarudi kwao. Mwalimu wa klabu, Mrundi mmoja mwembamba mwenye kofia ya majani, sote tulimwita Moniteri. Kabla ya kuanza baba alimvuta kando, nyuma ya lori, wakazungumza. Sikuwasikia. Niliona tu Moniteri akivua kofia, akamtazama Hadija kwa mbali, akaivaa tena.

Moniteri alitufundisha kutazama. Nakumbuka kila neno, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza mtu mzima kunifundisha kitu sawa na Hadija. Alisema tusidanganywe na rangi wala manyoya. Tutazame mguu wa nyuma: farasi mzuri wa dresaji anaukanyagia pale ulipotoka wa mbele, au hata kuupita. Tutazame mgongo kama unacheza chini ya tandiko. Tutazame masikio, moja likigeuka nyuma ujue anamsikiliza aliye juu. Na mdomo usigombane na lijamu.

Wa kwanza alikuwa Mistral, rangi ya kahawia iliyoiva, na kwa mambo yote hayo alikuwa hana mpinzani. Alipopiga troti, ule mwendo wa mbio fupifupi, alionekana hagusi chini. Hadija alimpanda, Moniteri akiwa ameshika kamba, na uso wa dada yangu ukafunguka namna ambayo sikuwahi kuiona. Wa pili alikuwa jike jekundu, mwendo mzuri, hasira kidogo. Wa tatu ndiye Gasto. Alikuwa mweupe aliyechujuka, mgongo umebonyea, mdomo wa chini unaning'inia. Nilicheka, na hata mchunga aliyemleta alicheka.

"Bon," Moniteri akasema. "Kwa dresaji iko Mistral. Hakuna maneno."

"Apana," baba akasema. "Mi kuna kitu kimoja nataka kuona." Akamgeukia Hadija. "Mama, panda tena. Akianza kutembea, jilegeze. Achia hatamu, lala shingoni. Jifanye umepotea."

Nilidhani ni mchezo. Hadija hakucheka. Alimtazama baba kidogo, akapanda. Moniteri alitembea ubavuni kwake, mkono mmoja hewani karibu na kiuno chake. Hadija alipojiachia, Mistral alishtuka akaruka pembeni, na Moniteri akamdaka Hadija kwa nguo zake. Jike jekundu hakujali kitu. Aliendelea kutembea kuelekea kivulini na Hadija akiwa ameinama juu yake kama gunia.

Gasto alisimama. Hadija alipolegea tu, yeye akasimama, miguu yote minne chini, sikio moja limegeuka nyuma. Baba akasema tena. Wakarudia, akasimama. Baba akasema sasa kwa troti, na Moniteri akasita, akakimbia kando yake, na Gasto akasimama vilevile, taratibu, bila kumtikisa.

"Ni huyu," baba akasema.

"Baba Hadija, nikuambie ukweli. Hii farasi haina mwendo. Troti yake iko ya punda. Mbele ya jaji hatapata kitu."

"Jaji si mwanangu."

Hadija alilia pale pale, amesimama kati ya baba na yule farasi. "Baba, watanicheka."

"Wacheke, mama."

Na mimi? Mimi nilifurahi. Nilifurahi kabisa, kwamba kwa mara moja Hadija amepewa kitu kibaya. Nilikuwa na hakika kuwa baba amechagua farasi mvivu kwa sababu ni mwoga, au kwa sababu hakumsikiliza Moniteri aliyekuwa anajua mambo.

Basi ndipo yakaanza machicha. Gasto alikuwa amekonda, na mtu mmoja wa klabu alimwambia baba kwamba machicha yakichanganywa na pumba yanamnenepesha farasi mzee. Baba aliuliza kwanza kwa shehe, shehe akacheka akamwambia farasi haswali. Kuanzia hapo kila mara alipotoka gereji alipitia kiwandani, akajaza nyuma ya pikapu, akayapeleka klabuni. Hadija naye alikoma kulia. Alijifunza kumwomba Gasto kwa kidole kimoja, na yule mzee, kwa ile troti yake ya punda, akawa anamfuata anavyotaka. Moniteri alianza kusema "sava, sava", yaani inakwenda, badala ya kuguna. Alisema farasi mwingine una kazi ya kumfundisha kusimama. Huyu unamfundisha vingine vyote, kusimama alizaliwa nako.

Klabu ilikuwa na siku ya mashindano kabla ya mvua kubwa, wazazi wanakaa kwenye viti vya plastiki, wanakunywa Fanta. Mama alikuja, mara ya kwanza. Hadija aliingia uwanjani na koti jeusi la kuazima, akamsimamisha Gasto katikati, akainamisha kichwa kumsalimu jaji. Alianza vizuri. Hata mimi niliona. Halafu kwenye duara la pili, kichwa chake kikashuka kidevu kifuani, na hatamu zikamtoka mkononi.

Gasto akasimama.

Watu wakanong'ona. Mvulana mmoja nyuma yangu akasema farasi amezimika betri, wenzake wakacheka. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Moniteri alikuwa ameshaingia uwanjani, anatembea polepole, mkono mmoja ameuinua kumwomba jaji angoje. Mama alikuwa amenishika mkono kwa nguvu hata nikashindwa kuuchomoa, na midomo yake ilikuwa inasoma kitu. Muda ulipita. Kisha Hadija akainua kichwa, akajifuta kidevu kwa mkono wa koti, akatafuta hatamu, akazipata. Gasto akaendelea na duara kama vile hakuna kilichotokea.

Alikuwa wa mwisho. Baadaye nilimkuta kwenye banda amemkumbatia yule farasi shingoni.

"Kwa nini unamubembeleza? Amekuharibia."

"Kadogo," akasema, bila kugeuka, "ameningoja."

Nilidhani amechoka, anasema ovyo.

Hadija hakufa juu ya farasi. Nalisema wazi kwa sababu mpaka leo kuna watu Buyenzi, mtaa anakotoka bibi yetu, wanaodhani hivyo, na ndilo mama aliloliogopa siku zote. Alikufa bafuni, asubuhi ya mvua, kwenye nyumba iliyojaa watu. Alikuwa amefikia umri ule ambao msichana anataka kuoga peke yake na kufunga komeo. Maji yalikuwa yanatoka, mvua inapiga bati, nani angesikia. Mama aliita, akaita tena, halafu akaliita jina la baba kwa sauti ile. Baba aliuvunja mlango kwa bega.

Mimi sikungoja kuambiwa. Nilikwenda getini, maana nilikuwa nimeshazoea. Nilisimama chini ya mvua nikasikia sauti ya mama ndani, lakini safari hii haikuwa "pole, tuko hapa". Shangazi zangu wakaanza kuingia, na majirani, na wanawake wa Buyenzi wamejitanda, kila mmoja akinigusa kichwani anapopita. Nilidhani leo anapewa kitu kikubwa kuliko siku zote, mpaka wageni wamealikwa.

Mchana, mvua ilipokatika, wakamtoa. Alikuwa na nguo mpya kweli. Nyeupe, na zilimfunika mpaka uso.

Matanga yalikwisha na watu wakarudi makwao. Baba hakwenda gereji. Alikaa uani, na watu waliendelea kumwita Baba Hadija, na yeye akaitika. Kisha Moniteri akatuma salamu kwamba lazima wajue la kufanya na farasi. Baba akaniambia nivae viatu.

Gasto alikuwa amesimama kwenye jua, mdomo unaning'inia. Baba akaniuliza kama nataka kupanda. Nilikuwa nimelitamani hilo muda wote, kwa wivu mtupu, na sasa nilipoulizwa nikatikisa kichwa kukubali bila furaha yoyote. Walinivisha kofia ngumu ya Hadija. Ilikuwa kubwa, na ndani bado ilikuwa na harufu ya mafuta yake ya nywele. Moniteri akamwongoza Gasto, baba akatembea upande mwingine. Tulikuwa tumekwenda kidogo tu harufu ile ya mafuta ikaniingia vizuri, na hapo ndipo nilipojua kwamba Hadija hatarudi. Nilikuwa sijalia tangu siku ile. Nililia mpaka nguvu zikaniisha, nikaangukia shingoni kwa Gasto, mikono inaning'inia.

Akasimama.

Nilisikia sikio lake likigeuka. Nilimpiga kwa visigino, nikamwambia "twende," lakini nilikuwa bado nimeinama, na hakwenda. Moniteri aliachia kamba akasogea mbali. Baba aliweka paji la uso wake kwenye tandiko, karibu na goti langu, na akaniambia.

"Dada yako alikuwa na kifafa, Kadogo. Alikuwa anaanguka."

"Ndiyo maana mulifunga mulango?"

"Ndiyo. Watu wanaogopa. Wanasema lile povu linaambukiza. Shuleni wangemufukuza."

"Na zile nguo?"

"Alikuwa anajikojolea, mama. Alikuwa anaona haya, na zaidi kwako. Yeye ndiye alituomba usiambiwe. Alisema, Kadogo anajua mi niko mukubwa."

Gasto alikuwa ametulia kabisa chini yangu. Pumzi yake tu ndiyo ilikuwa inaninyanyua na kunishusha. Baba aliendelea kuongea, sasa si na mimi. "Nilimutafutia farasi ya kusimama. Nimezunguka, nimeuliza, nimeipata. Lile komeo la bafu lilikuwa mbele ya macho yangu kila asubuhi. Sikuliwaza."

Gasto hakuondoka pale mpaka nilipoinuka mwenyewe.

Hatukumtoa kwa mtu. Alizeekea pale klabuni, na baba akaendelea kumpelekea machicha mpaka mwisho wake, na mama hakuziba pua tena. Lakini siku ile ile tuliporudi nyumbani, baba alichukua bisibisi gereji, akapita mlango kwa mlango akang'oa makomeo yote ya ndani. Matundu ya skurubu yapo hadi leo. Kwetu ukiingia kuoga unaimba, ili mwenzako ajue kuna mtu. Wageni wanacheka, halafu na wao wanaimba. Baba hakutaka kuwaeleza sababu. Alikuwa akipita kwenye korido, na akisikia wimbo umekatika, anasimama. Hakugonga wala hakuita. Alisimama tu, kichwa ameinamisha upande wa mlango, mpaka wimbo uendelee, ndipo na yeye anaendelea na safari yake.

Baba amefariki mwaka huu. Juzi nilipotoka kule Industrieli, mabati yamenishinda kuchukua, macho yamevimba, nilirudi nyumbani nikamsikia binti yangu mdogo anaimba bafuni. Nilikuwa napita kwenda jikoni na mikoba yangu. Katikati ya wimbo akanyamaza.

Nikasimama.